Mchango wa Chiku

Daktari Mwinyimvua hakuligusa tumbo la mtoto kabla ya kuikumbatia glasi ya chai ya moto kwa viganja vyote viwili. Wagonjwa wa zahanati yake pale Gerezani walidhani ana baridi yabisi. Kumbe mtoto akiguswa na mkono wa baridi hukaza tumbo, na tumbo lililokazwa halisemi kitu.

Zulekha, msusi wa Kariakoo, alifika kwake akiwa amechoka. Binti yake Chiku, wa miaka sita, alikuwa akilia tumbo tangu Ramadhani. Chakula vijiko viwili tu, ameshiba.

"Shikamoo dokta. Mtoto ana mchango."

"Marahaba. Mchango wa harusi au wa msiba?"

Zulekha akacheka bila kupenda. Dawa ya mchango, ile ya minyoo, alishampa mara tatu. Majirani walisema mtoto anadeka tu, akwepe shule. Siku moja naye akasadiki, akampiga kofi.

Mzee Mwinyimvua akalibonyeza tumbo taratibu. Chini ya mbavu za kushoto vidole vikasita. Palikuwa na kitu kigumu, kinasogea, ukubwa wa embe dogo. Akainama.

"Mjukuu wangu, mama akiwa anasuka watu, wewe unatafuna nini?"

Chiku akamtazama mama yake.

"Ninong'oneze. Sikio hili halina umbea."

Akanong'ona. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

"Rasta," akamwambia Zulekha.

"Rasta? Hizi za kusukia?"

"Nyekundu ndiyo tamu," Chiku akafafanua.

Picha ya ultrasaundi ikaafiki. Hospitali kubwa wakampasua, wakatoa tonge la rasta lililochanganyika na nywele zake mwenyewe. Wiki ya tatu alimaliza sahani ya wali maharage, akaivuta na ya mama yake; saluni nzima ikapiga vigelegele, mteja mmoja akiwa na kichwa nusu kimesukwa.

Zulekha alirudi kushukuru siku chache kabla mzee hajastaafu na kuhamia Kigamboni. Hawakuonana tena. Siku hiyo alifungua mdomo ashukuru. Kilichotoka ni habari ya lile kofi, na machozi. Akamwomba mzee radhi.

"Radhi kamuombe mwenyewe, si mimi," alimjibu. "Halafu umuulize, taratibu, ni nini kilikuwa kinamfanya atafune. Ila usimuulize mbele ya wateja."