Boti Nyuma ya Zizi

Mtu akikwambia hajawahi kuona boti imelala nyuma ya zizi la ng'ombe, jua hajafika Silibwet kwa Chepkemboi. Ilikuwa hapo tangu Februari, imepinduliwa juu ya matairi manne, tumbo limeangalia mawingu. Majirani walikuja kuishangaa. Kipkurui wa ng'ambo ya barabara aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa kidole, akasema, "Mama Nelvine, hii mkiigeuza inalisha ng'ombe watano bila kusukumana!"

Chepkemboi alicheka na wenzake, lakini cheko lenyewe halikufika moyoni.

Boti ilikuwa zawadi. Mume wake, Gordon Ogada, mtu wa kutoka ziwani, alifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda cha majani chai, akichunga bwawa: kung'oa magugu, kuzibua mdomo wa bomba, kila siku ndani ya boti hiyo ya faiba. Wengine wakistaafu huomba saa ya ukutani. Yeye alipoulizwa, akaomba boti. Zamani ilikuwa ya buluu. Sasa jua limeila hadi imepauka, na ukipitisha kiganja kinarudi cheupe, utadhani umefuta ubao wa darasani.

Tatizo ni kwamba Chepkemboi alijua mambo ya wastaafu wa ziwani. Wote aliowafahamu pale kiwandani, siku ya mwisho walipakia lori, wakaaga vizuri, wakarudi kwao. Ogada hakusema anaenda. Hakusema anabaki. Kazi yake ilikuwa kusugua tu. Na mtu hasugui boti hivyo ili iangaliwe na ng'ombe. Chepkemboi angemfuata vipi? Alikuwa na shamba la majani chai la marehemu mama yake, ng'ombe watatu, na juu ya hayo aliogopa maji. Miaka yote ile hakuwahi kukanyaga boti hata ikiwa imefungwa. Kwa nini basi asimuulize mume wake wazi? Aliogopa jibu, hakuna kingine.

Wiki ya kwanza Ogada alilala chini ya boti akigonga mbao, misumari mdomoni, hataki mtu achungulie. Kisha akaanza nje. Aliosha kwa sabuni, akachukua msasa wa maji, ule mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, akiuchovya kwenye ndoo na kuzungusha mkono polepole. Jua likifika upande mmoja, anahamia kwenye kivuli. Akaja na kompaundi, ile ya mafundi wa kunyoosha magari, na rangi ya buluu ikaanza kurudi kidogo kidogo. Jioni bega lilimuuma, na Chepkemboi alimkanda kwa kitambaa cha maji moto bila kusema neno. Alimpenda mzee huyo, na alikasirika kwa sababu alimpenda.

Siku ya Jumatano Ogada akaenda Bomet kutafuta vitambaa laini. Ilibaki kupaka nta tu. Chepkemboi akaitazama boti, akajionea haya kwa ukimya wake wa wiki hizo zote. Akasema, wacha nimsaidie. Kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya mgando, kikipauka, hukipaka mafuta kwa nje na kinang'aa kama kipya. Boti na kibuyu, tofauti ni nini? Akachukua kopo la mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, akaipaka boti yote, mbele mpaka nyuma. Ikang'aa, weh! Akarudi nyuma kuitazama, akatabasamu peke yake.

Ogada aliporudi saa tisa, malori ya ngano yalikuwa yamepita asubuhi nzima yakitoka Mulot. Vumbi lote la barabara lilikuwa limenata juu ya mafuta. Boti ilikuwa na rangi ya udongo.

"Yawa! Nani amefanya hii kitu?"

"Ni mimi, Baba Nelvine. Nilitaka ing'ae."

"Nta haishiki juu ya mafuta! Sasa nianze upya?" Akatupa vitambaa chini. "Ama ulitaka isiishe?"

Maneno hayo yalimchoma. "Ningetaka kuiharibu ningechukua shoka!" Chepkemboi akasema, na machozi yakamtoka kabla hajayazuia. "Haya, nimesema. Unaenda, na hujaniambia. Naona unavyoipamba kama bibi arusi. Ikiisha utapakia lori kama wengine, na mimi nitabaki hapa kuangalia matairi manne."

Ogada akasimama na kofia mkononi. Mtu huyu, maneno kwake ni kama kung'oa jino. "Mambo mengine mimi sijui kusema," akasema mwishowe. "Ngoja Jumamosi tuigeuze."

Jumamosi! Mtu analia Jumatano anaambiwa Jumamosi! Lakini ndivyo alivyo, na Chepkemboi aliolewa naye hivyo hivyo.

Basi akachemsha maji. Waliosha boti pamoja kwa sabuni, yeye upande huu, mume upande ule, mpaka ikaacha kuteleza. Alhamisi Ogada akarudia kompaundi, Ijumaa akapaka nta kipande kwa kipande, akangoja ikauke, akaifuta. Akamwita mkewe, akamwaga kikombe cha maji juu. Maji yakajikusanya matone matone, yakakimbia hadi nyasini.

"Hivyo ndivyo inatakiwa," akasema. "Lakini si ya milele. Kila miezi sita tunarudia."

Chepkemboi alisikia hiyo "tunarudia", akaogopa kuishika.

Jumamosi Kipkurui akaja na vijana wawili wa mashine ya posho. Moja, mbili, tatu, boti ikageuka. Ndani kulikuwa na kiti cha Ogada, kile cha zamani, kimechakaa. Na katikati, kiti kingine cha mbao mpya, kina mgongo, na ubavuni kishikio cha chuma. Chepkemboi alikijua kishikio hicho. Kilikuwa cha mkebe wake wa maziwa uliotoboka, ule aliousaka tangu Machi akilaumu watoto wa jirani.

"Hicho ni cha nani?"

"Chako. Nimekiweka katikati, hapo haiyumbi sana."

"Mimi naogopa maji."

"Ndiyo nikaweka mahali pa kushika." Ogada akaangalia viatu vyake. "Nataka ndugu yangu kule ziwani akuone juu ya maji. Tunaenda Ijumaa, tunarudi Jumatatu. Boti inabaki kwake, sisi tutakuwa tunaenda kuipaka nta. Kipkurui atakamua."

"Nilijua tangu zamani," Kipkurui akasema, meno yote nje.

Chepkemboi akapanda ndani ya boti pale pale kwenye nyasi, akakaa kwenye kiti kipya, akashika kishikio kwa mikono miwili.

"Mama Nelvine! Gambuti zina matope! Utachafua!"

"Utasugua tena," akasema, na hakushuka.