Dereva wa Mguu na Dereva wa Mdomo

Mwanangu Luhaga alijifunzia kona kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wakati huo tulikuwa bado Ipililo tukilima pamba, na baba yake, Mboje, alikuwa amemwachia kazi ya kupeleka mafurushi kwenye ghala. Wenzake waliwachapa ng'ombe njia nzima. Luhaga hakuchapa. Aliegemea upande mmoja, akapiga mluzi, na ng'ombe wakaikata kona kwa mwendo ulionifanya niweke mikono kichwani. Gurudumu moja lilikuwa hewani, lakini hakuna furushi lililodondoka.

"Huyu atakuja kuvunjika," nilimwambia Mboje.

Mboje akacheka. "Huyu kazaliwa na mguu wa mwendo," akasema.

Miguu ya Luhaga ilianza kusemwa hivyo, kwa kucheka.

Alipokua tulikuja naye Bariadi. Mboje alibaki na shamba, akawa anakuja na kurudi. Mimi nikaanza kupika chakula karibu na stendi ya michomoko, yaani hizi gari ndogo zinazobeba abiria kwenda Lagangabilili na vijiji vya mbele. Luhaga akapata mchomoko wa kuendesha. Mbele wanakaa wanne, mmoja wao kakalia nusu ya kiti cha dereva, na nyuma kwenye buti wanakunjwa watu pamoja na kuku. Kila alipoondoka niligeukia moto wangu nisiione kona ya kwanza. Halafu nilisikiliza. Sauti ya injini yake niliijua kama ninavyokijua kikohozi chake.

Jirani yangu alikuwa Nuruddin, muuza vipuri na magari yaliyotumika. Dukani kwake kulikuwa na televisheni kubwa, na mchana abiria wakipungua madereva walijaa mlangoni. Siku nyingine zilikuwa mbio za magari. Siku nyingine kilikuwa kipindi cha watangazaji wanaojaribu magari mapya na kuyaeleza sifa na kasoro zake. Ubishi ulizaliwa hapo, kati ya mwanangu na Faki.

Faki alikuwa mpwa wa Nuruddin. Alikuwa anajirekodi kwa simu akiyaeleza magari ya mjomba wake, na watu walimtazama mpaka Mwanza. Sina baya la kumsema, shikamoo yake haikunipita siku hata moja. Ila gari aliliendesha kama mtu aliyepakia mayai.

"Mwangalieni huyu," Luhaga alisema siku moja, akimwonyesha mtangazaji aliyekuwa anazungusha usukani huku anacheka. "Akikosea kona wanakata picha, anakunywa maji, anaanza upya. Mwenzake wa mbio akikosea kona anazikwa. Sasa hawa mnawafananishaje?"

"Huyo wako wa mbio akishinda anasema nini?" Faki akamjibu. "Wanamwekea kipaza sauti, anafuta jasho, anasema, 'Gari lilikuwa zuri.' Basi! Kawashinda watu wote, maneno hayajai kisoda. Huyu wangu anakwambia kiti kikoje, mafuta yanaliwaje, na kama mama yako na mgongo wake ataingia bila kuinama."

"Mgongo wa mama yangu uache, haujakuomba lifti."

Watu wakacheka. Malimi, dereva mwenzake Luhaga, akachochea: "Faki akitaka kubadili gia anaiamkia kwanza. Shikamoo gia!"

"Marahaba," Faki akasema. "Angalau mimi napokelewa."

"Dereva wa mdomo!"

"Dereva wa mguu! Na kichwa umekiacha wapi, stendi?"

Nilikuwa nawapakulia. Nikawaambia kwamba mimi naona hao wawili wa kwenye televisheni wanafanana. Wote wamefungwa mikanda. Huyo wa mbio ana kofia ngumu, ana vyuma vimemzunguka, na gari la wagonjwa linamsubiri pembeni. Asiyefanana nao ni huyu wa mchomoko.

"Mayu," Luhaga akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, kwa Kisukuma chetu, "wewe kila kitu unakiona kidonda."

Huenda ubishi ungebaki ubishi. Lakini Nuruddin alileta Subaru ya bluu, akaipaki mbele ya duka, akasema anataka jina la duka lake lijulikane nchi nzima. Angeweza kumpa dereva aende nayo kwenye mbio Arusha, jina limeandikwa mlangoni. Au angempa Faki aende nayo Dar es Salaam, atengeneze kipindi cha televisheni. "Gari moja haliendi njia mbili," alisema, na hakusema limwendee nani.

Kuanzia siku hiyo Luhaga alikuwa anaacha ugali katikati. Alikuwa anakwenda kuizunguka ile gari, anaigusa kioo, anarudi.

"Nikiipata ile, mayu, sitabeba tena watu kwenye buti. Nitavaa kofia. Nitaitwa dereva, dereva kweli."

Nisifiche, ile kofia hata mimi ilinivuta.

Aliyekata shauri ni baba yake. Mboje alikuja kutusalimia akakuta ubishi umewaka, akakaa kwenye benchi langu akausikiliza mpaka mwisho. Ujana wake wote alicheza ngoma na kundi la Wagalu, na hakuna kilichomfurahisha duniani kama siku walipowashinda wapinzani wao, Wagika.

"Mnahangaika nini?" akasema. "Fanyeni kama ngoma."

Ikabidi amweleze Nuruddin, ambaye wazazi wake si wa huku. Kwetu, baada ya mavuno, ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Kila manju anaongoza kundi lake upande wake. Mwamuzi hakuna. Watu wenyewe wanahama kufuata utamu, wanatoka huku wanakimbilia kule, na anayebaki na watu ndiye mshindi.

"Na watu wanakuja wengi?" Nuruddin akauliza.

"Utatafuta pa kuweka mguu."

Nuruddin akapenda, akasema atakayebaki na watu ndiye atakayeondoka na Subaru.

Walifanyia kijijini Mwamapalala, pamba ikiwa imeshauzwa na watu hawana haraka. Uwanja uko kando ya barabara ya vumbi. Faki aliwekwa upande wa juu na ile Subaru na kipaza sauti. Luhaga alikuwa upande wa barabarani na mchomoko wake.

Faki alianza kwa kuwasalimia Kisukuma. "Ng'wadila!" Watu wakaangua kicheko kwa jinsi alivyoitamka, wakamwitikia, wakamsogelea. Akamwita bibi mmoja, akamkalisha nyuma ya usukani, akamwambia apige honi. Bibi akapiga, akaogopa, akapiga tena, akakataa kushuka. "Mnaona?" Faki akasema. "Gari likimpenda mtu halimwachi!" Uwanja mzima ukahamia kwake. Upande wa mwanangu alibaki baba yake, mimi, na mbwa.

Luhaga aliutazama umati wa Faki. Aliingia garini akaenda barabara ya Lagangabilili mpaka akapotea machoni. Kisha nikaisikia injini ikirudi. Niliijua. Ilikuwa inalia kama nisivyowahi kuisikia.

Kwenye kona ya kalavati, lile daraja dogo la zege, alilipitisha gari ubavuubavu, vumbi limepanda kama moshi, gurudumu moja hewani. Ilikuwa ile ile kona ya mkokoteni. Akapita mbele yetu, akaenda, akageuza mbali kule ili arudie.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wakaitikia wengine. Umati ukakatika kwa Faki kama kamba, ukaja.

Niliwaona wanakuja, na niliona wanakoelekea. Kwenye ngoma mtu hasimami mbali. Manju akikushika unamsogelea mpaka jasho lake linakurukia, ndiyo heshima yake. Hawa watu hawakuwahi kuona mbio za magari. Walifanya wanalolijua. Hawakusimama ukingoni, waliingia barabarani kumpokea, mikono juu, na vumbi la mara ya kwanza halijatua.

"Rudini!" nilipiga kelele. "Tokeni njiani!" Vigelegele vilinimeza. Mboje mwenyewe alikuwa katikati yao, anaruka kama kijana.

Luhaga alitokeza kwenye vumbi akawakuta mbele yake. Alikata usukani kuelekea kwenye kalavati. Watu waliokuwa barabarani hakuna aliyepata hata mchubuko.

Gari lilipiga zege, likalala ubavu. Wakalikimbilia. Wa mbele walikuwa wanalia. Wakamvuta kwa makwapa kupitia dirishani, wakamwinua mabegani kama anavyobebwa manju aliyeshinda, kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kumbeba mtu kama yule. Na wa nyuma, ambao hawakuona kitu isipokuwa mwanangu juu ya vichwa vya watu, wakaendelea kushangilia. Miguu yake ilikuwa inaning'inia. Nilijua kabla sijamfikia, kwa jinsi ilivyokuwa inayumba.

Hospitalini walituambia ni uti wa mgongo. Daktari alieleza kwamba mtu aliyeumia vile hainuliwi, anaachwa alale mpaka waje wanaojua. Mboje akamuuliza kama uti ulivunjika kwenye zege au mabegani mwa watu. Daktari alisema hilo hakuna wa kulijua sasa.

Kwa desturi yetu Luhaga ndiye aliyeshinda. Uwanja mzima ulimhamia, hata Faki alikubali. Alikuja kitandani akasema, "Umenishinda, kaka," akalia. Lakini Subaru ilihitaji mtu wa kuikanyaga, basi ikaenda Dar es Salaam na Faki. Mboje haendi tena ngomani. Ngoma zikisikika kutoka mbali anaingia ndani, anafunga mlango.

Sasa Malimi anampitia Luhaga asubuhi kwa mchomoko, anamweka kwenye kiti chake cha magurudumu mlangoni kwa Nuruddin. Mbio zikionyeshwa, maneno ni ya Kiingereza na watu hawayaelewi. Luhaga akaanza kuwaeleza. Anawaambia kwa nini dereva kachelewa kuingia kona, kwa nini gari linatikisa mkia, nani anakaribia kuanguka. Akichoka na Kiswahili anaingia Kisukuma. Abiria wanaachwa na magari kwa kumsikiliza. Faki akija likizo anakaa chini kama wengine.

Jina alipewa na watu. Mara ya kwanza mmoja alipomwita, "Mtangazaji, hebu tueleze," Luhaga aligeuka akauliza, "Mtangazaji ni nani hapa?" Watu wakageukia televisheni. Sasa wakiita hivyo anaitika.

Mimi bado napika palepale. Anapoeleza, mikono yake inazungusha usukani ambao haupo. Jana gari la kwanza lilikuwa linaingia kona kwa kasi, naye akapaza sauti, "Breki! Kanyaga breki!" Nikatazama mguu wake wa kulia chini ya khanga. Huwa natazama kila akisema hivyo.

Safari hii alinikamata.

"Mayu," akaniambia taratibu, watu wasisikie. "Geukia moto wako."

Nikageukia moto.