Kadi Tuliyoazima kwa Ajili ya Jino la Mama

Jino la mama lilianza kuuma wakati wa palizi ya maharage. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Kumsenga, mwaka wangu wa tatu kazini. Mume wangu alikuwa masomoni Kasulu, na ada yake ilitoka kwenye mshahara wangu, mshahara ambao ungeweza kuchelewa miezi mitatu bila mtu kutueleza sababu. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Mama alisukutua kwa maji ya chumvi, akabana karafuu, akajaza tumbaku kwenye tundu. Hospitali ya wilaya ilikuwa Kibondo mjini, na siku hizo wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia. Unalipia cheti, unalipia kung'olewa, na wakikwambia dirishani kwamba ganzi imekwisha, unatoka kwenda kuinunua duka la dawa, pamoja na sindano na glavu. Hapo hujataja nauli ya lori. Kuziba jino hatukukufikiria kabisa. Hayo yalikuwa mambo ya watu wa Kigoma mjini.

Basi nikatafuta njia rahisi. Kwenye gulio kulikuwa na fundi baiskeli aliyeng'oa meno kwa koleo, na malipo yake yalikuwa kuku mmoja. Mimi ndiye niliyempeleka mama. Alikaa juu ya kreti la soda, nikamshika kichwa kwa nyuma. Fundi alivuta mara mbili, na mara ya tatu jino likakatika. Kipande cha juu kikatoka, mizizi ikabaki ndani.

"Litatoka lenyewe," akasema, huku akipangusa koleo kwenye suruali.

Na bado alichukua kuku wake.

Baada ya wiki moja shavu la mama lilikuwa limevimba hadi jicho likaanza kufumba. Uji alikunywa kwa kuunyonya pembeni mwa mdomo. Usaha ulikuwa unatoka, na harufu yake ilijaa chumba chetu. Mama hakulalamika. Alikaa mlangoni akiwa amejifunga khanga kuzunguka taya, fundo utosini.

Hapo ndipo rafiki yake alipotuona. Alikuwa bibi wa Kirundi, wa rika la mama, aliyevuka mpaka na wajukuu wawili baada ya wazazi wao kuuawa. Aliishi kwenye kambi ya wakimbizi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu, na mara kwa mara alikuja kutulimia ili apate mihogo ya kuongezea chakula cha mgawo. Yeye na mama waliitana *mugenzi*, rafiki. Alimfungua mama khanga, akatazama, akageukia kwangu.

"Mwanangu, unangoja nini?"

"Nangoja mshahara, bibi."

"Atakufa huyu kabla ya mshahara wako. Kambini wanang'oa bure."

"Wanang'oa wenye kadi."

Akapenyeza mkono ndani ya gauni. Kisha akatoa kadi yake ya mgawo kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki. Haikuwa na picha, jina tu na idadi ya watu wa kaya. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, na mama, kwa mdomo ule uliovimba, nani angemtambua?

Kesho yake tukaenda. Njia nzima mama alikuwa anakariri jina la mwenzake. Zahanati ilikuwa hema refu lenye foleni ya akina mama na watoto. Mganga wa meno alikuwa kijana wa Kirundi. Alimuuliza mama kwa Kirundi maumivu yalianza lini, naye akajibu. Sijui alikosea neno gani. Yule kijana aliinua macho, akatazama kadi, akamtazama mama, akanitazama na mimi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Mama, fungua mdomo."

Alimchoma ganzi, akachimba mizizi yote, akakamua usaha, akampa vidonge. Alipomaliza alisema arudi baada ya siku tatu aoshwe kidonda, na aje na kadi ileile.

Bibi alikuwa anatungoja nje, chini ya ukingo wa hema. Kadi ilikuwa mkononi mwangu, na mkono wake alikwisha kuunyoosha.

"Bibi," nikamwambia, "tunarudi baada ya siku tatu. Niachie tu, nisikusumbue mara mbili."

Ukweli ni kwamba sikutaka siku ya kurudi nianze kumtafuta kambi nzima, kwa maana vibanda vyao vilifanana. Alisita. "Mgawo ni wiki ijayo," akasema, kama mtu anayejishawishi mwenyewe. "Haya. Usiipoteze."

Siku ya pili yake nilikuwa darasani, nafundisha hesabu za kugawanya, mzee mmoja wa jirani akapita dirishani akitokea kambini na baiskeli yake. Akasema hakuuza hata ndizi moja, kambi imezungushiwa kamba tangu alfajiri, watu wanahesabiwa upya, kila kaya kwa kadi yake. Hawakutangaziwa, ili asijipenyeze mtu wa nje.

Niliacha chaki mezani. Nyumbani nilichukua kadi, nikakimbia, nikatembea, nikakimbia tena. Nilipofika jua lilikuwa limeanza kushuka na mistari ilikuwa inavunjika. Waliokwisha kuhesabiwa walitoka na wino vidoleni. Askari akanizuia kwenye kamba.

"Kuna bibi ndani, kadi yake ninayo mimi."

"Unayo wewe kwa nini?"

Nikanyoosha shingo juu ya bega lake. Nilimwona bibi kwa mbali, amesimama na wajukuu wake pembeni ya meza iliyokwisha kufungwa, mikono yao safi.

Walimfuta kwenye orodha ya mgawo. Ofisini walimwambia alete maelezo, akasema kadi ilipotea na sasa imeonekana; wakamwambia asubiri. Mama alipopata nafuu alivaa gauni lake la kanisani, akataka kwenda kusema kweli. Bibi akamshika mkono.

"Mugenzi, ukisema niliazimisha kadi, hawatanirudisha kamwe. Kaa."

Akakaa. Kwa hiyo hata ukweli haukuwa na kazi.

Miezi ile bibi alikuja shambani kwetu kila siku, na wajukuu wote wawili. Nilimpa mihogo, nikampa maharage, nikagawana naye unga. Mshahara ulipotoka nilimnunulia mafuta na chumvi, na ada ya mume wangu ikapungua, akaniandikia barua ya hasira. Lakini kaya yangu haikuweza kulisha kaya mbili. Mjukuu mdogo alianza kuwa na nywele nyekundu na tumbo lililovimba kwa njaa. Bibi hakuwahi kunisema. Afadhali angenisema. Alilima, akachukua fungu lake, akaaga, akaondoka.

Kiangazi kilipoingia alikuja na wajukuu, bila jembe. Kuna kundi la watu linarudi nyumbani, akasema, naye anakwenda nalo.

"Si bado wanapigana huko?" nikauliza.

"Wanapigana. Lakini huko nina shamba."

Mama alimpikia mihogo, akamfungia kwenye majani ya mgomba. Walikaa mlangoni. Taya la mama lilikuwa limepona wakati huo, limebaki na kishimo kidogo shavuni. Bibi alikigusa kwa kidole, akauliza kama bado panauma.

"Hapaumi," mama akasema, akaanza kulia.

Nikawasindikiza mpaka njia panda. Niliomba msamaha, kwa mara ya kwanza na kwa maneno mabaya, maneno yaliyochanganyika na habari za shule na mshahara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akampandisha mjukuu mdogo mgongoni, akamfunga vizuri, akamshika mkubwa mkono, wakaifuata njia ya mpakani. Hatukupata habari zao tena.