Komeo la Chooni

Nikishika chuma chenye kutu kisha nikanusa kiganja, narudi chooni ndani ya treni, nina miaka minane, nalia. Msinicheke kwanza.

Bibi yangu alizaliwa Njombe, akalima viazi Njombe, na hakuwahi kushuka kutoka huku juu kwetu. Shangazi alipojifungua Mlimba, kule bondeni, Bibi alimfurahia mjukuu, ila treni aliifurahia zaidi. "Nataka nione milima yetu inaishia wapi," aliwaambia wanakwaya wenzake mpaka wakamchoka. Tulipopanda Makambako alikaa dirishani, kitenge kipya kiunoni, akanikataza hata kuegemea kioo.

Mahandaki hayajaanza, nikabanwa na mkojo. Niliogopa mtu asije akanifungulia, basi nikavua kiatu, nikaligongomea komeo kwa kisigino. Kuingia liliingia vizuri. Kutoka likagoma.

Nililia mpaka Bibi akaja. Giza la handaki likaingia, likatoka, likaingia tena. Ukinyoosha mikono mle unagusa kuta zote mbili. Kwenye tundu la choo niliona mataruma ya reli yakikimbia, kisha katikati yake pakawa hewa tupu, na chini kabisa mto mwembamba. Niliamini nitapita mle tunduni.

"Bibi, nadondoka!"

"Hudondoki, mwanangu. Nipo hapa." Sauti ilitokea usawa wa sikio langu, alikuwa amepiga magoti. "Acha kutazama chini. Ngoja nikuhadithie ya huku nje."

Akaanza: maporomoko meupe, nyani watatu juu ya mwamba, mmoja anamtoa mwenzake chawa na kumkaripia atulie. Nilicheka huku makamasi yananitoka. Nyani hao ndio walionifikisha Mlimba, ambako mhudumu alilivunja komeo kwa nyundo.

Treni ya kurudi ilipanda milima usiku. Nyumbani wanakwaya wakauliza milima inaishiaje. "Muulizeni huyu," Bibi akasema, "ndiye anayejua kusimulia." Nikawasimulia nyani wote watatu, kwa madaha.

Mwaka huu nimepanda tena treni ile, Bibi tumeshamzika. Nilikwenda kusimama pale nje ya choo. Hakuna dirisha. Kuna ukuta, na mlango. Nyani wale aliwatunga akiwa ameukodolea macho mlango ule, na mimi nilikwenda kujisifia nao.

Kutoka pale hadi viti vya dirishani ni hatua kumi. Nilizihesabu zote. Bibi hakupiga hata moja.