Gundi Haijashika

Fundi Msasa, Mungu amrehemu, alipewa jina hilo na wateja. Alipiga msasa mpaka ubao ukateleza, kisha akainama, akapuliza vumbi kwa mdomo, akafumba macho na kupitisha kiganja. Brashi ya vumbi ilining'inia ukutani, mpya kama ilivyotoka dukani.

Vumbi la mvule ndilo lililomtia pumu. Ilianza chafya, ikaja kikohozi, mwisho kifua kikawa kinapiga filimbi.

"Baba watoto, leo unatupigia wimbo gani?" mkewe alizoea kumtania. Siku aliposhindwa kumjibu, akampeleka hospitali.

"Mwili wako unaliona vumbi la mbao kama adui," daktari alimweleza. "Likiingia, unamwaga kemikali za kupigana nalo. Hizo zinabana njia ya hewa, halafu zinavuruga ukarabati. Ukuta wa ndani ukichubuka, seli za pembeni hutakiwa kusogea zizibe pengo. Kemikali zikizidi, seli zinasogea ovyo au zinagoma kabisa. Kidonda hakifungi vizuri, na baadaye panabaki kovu gumu."

"Kwa hiyo nikianza kupumua vizuri, nimepona?"

"Hapana, baba. Pumzi hurudi kabla ya kidonda kufunga. Vuta dawa kila siku hata ukijisikia mzima, na karakana uipumzishe."

Fundi akacheka. "Kumbe ni kama gundi. Kwangu anayefungua jiliwa lililobana mbao kabla gundi haijashika, hana kazi."

Nyumbani alitulia kwa muda. Tatizo lilikuwa kabati la binti yake aliyekaribia kuolewa. Mlango mmoja ulibaki bila msasa, wa pili haujaungwa.

"Kaka, nitamalizia mimi," alisema mdogo wake, aliyeshika karakana.

"Wewe? Milango yako watu wanaifunga kwa goti!"

Filimbi ilipokoma, Fundi aliitia dawa kwenye droo. "Kifua kimenyamaza," akasema.

"Kimenyamaza, hakijapona," mkewe alijibu. "Si wewe uliyesema habari za gundi?"

"Mlango mmoja tu, mama watoto. Na barakoa nitavaa."

Kweli alivaa. Alipiga msasa wote nayo usoni, mdogo wake akimtazama, wala hakukohoa. Kazi ilipokwisha aliinama kama siku zote, akaishusha barakoa kidevuni, akapuliza. Vumbi likapanda, naye akavuta pumzi ndefu, kama mtu yeyote aliyetoka kupuliza. Akashika ukingo wa meza. Dawa ilikuwa nyumbani, kwenye droo. Hospitali hakuifikia. Mwenyezi Mungu alimchukua njiani.

Baada ya mazishi, mdogo wake aliangua ile brashi ukutani, akaufuta vumbi mlango wa kwanza. Wa pili akauunga kwa gundi na kuubana kwenye jiliwa. Jioni mjane alikuja kuutazama.

"Shemeji, naona imeshashika," mdogo wa marehemu alisema, mkono tayari kwenye mpini wa jiliwa.

Mjane aligusa maungio kwa kidole. Kwa nje yalikuwa makavu.

"Acha kwanza," akasema. "Tutafungua kesho."