Milembe Amemnunia Mungu

Mimi ni katekista wa kigango kimoja nje kidogo ya Lalago, na kazi ya katekista, ukiondoa mengine yote, ni kusema "Tumsifu Yesu Kristo" na kuitikiwa. Padre anatufikia kwa nadra, barabara ikiloa ndiyo haji kabisa, kwa hiyo Jumapili nyingi anayesimama mbele ni mimi, Luhende, na koti langu la kaki. Watu wakiitikia "Milele amina," ibada imeanza. Kwa miaka mingi sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya Milembe, mjane wa Mboje. Mama huyu akiitikia, mbuzi waliofungwa nje walikuwa wanakata kamba.

Kisha mwaka ukamgeuka. Ng'ombe wake wa kulimia walikufa kwa ugonjwa, pamba ikapigwa na mvua ya mawe, na katikati ya masika mto ukamchukua mwanawe wa pekee na pikipiki yake. Kijana aliitwa Shukrani. Tulimtafuta kwenye matope, tukaipata pikipiki kwanza. Niliongoza mazishi na sauti ikanikatika kaburini, mimi ambaye nimezika watu tangu ujana wangu.

Jumapili iliyofuata Milembe alikuja kanisani kama kawaida, kitenge kimepigwa pasi. Akaenda benchi la nyuma kabisa, akaliburuta, akakaa ameugeukia ukuta. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo!" Wengine wakaitikia, lakini pale ukutani kimya.

Baada ya ibada nikamfuata.

"Mayu, mama yangu, unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu. Nimenuna."

"Nani kakuudhi? Kwaya?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye bati. Nikatazama bati, kisha nikaelewa.

"Nilimzaa mtoto nikamwita Shukrani," akasema. "Nilikuwa na Shukrani mmoja tu, kamchukua. Sasa kila Jumapili mnaniimbia nitoe shukrani. Nyingine niitoe wapi?"

Majibu ya maswali mengi ninayo, maana semina nimehudhuria hadi nikachoka na wali wao. Nikachukua lile jepesi. Nikamwambia nitamwombea. Akasema niombe, ila nisimtaje jina, Mungu asije akadhani yeye ndiye kanituma kutaka suluhu.

Habari zikasambaa, na watu wakaanza kumgombea kama ng'ombe asiye na mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Luhaga, mdogo wake marehemu Mboje. Alitaka ampeleke kwa mganga huko Mwandoya akapasuliwe kuku, ajulikane aliyemroga. Kuku mwenyewe alikuwa tayari kwapani.

"Shemeji," Milembe akamwambia, "mimi na Mungu hatujaachana, tumenuniana tu. Mke akinuna anahamia kwa jirani? Si analala pale pale, kaugeukia ukuta?"

Kuku alichinjwa akawa kitoweo, na Luhaga ndiye aliyekula paja.

Huku kanisani mambo yakawa mabaya zaidi. Mwenyekiti wetu wa kigango, mzee Ndaki, ni mtu wa utaratibu hadi kwenye kupiga chafya. Akaniita pembeni.

"Mwalimu, watoto nao wameanza kugeukia ukuta. Ukiwauliza wanasema wamemnunia Mungu kwa sababu ya hesabu. Mwambie yule mama ageuke. La sivyo abaki kwake mpaka apoe."

Nikaenda kuusema ujumbe, roho inanisuta, maana najua wanaobaki kwao wapoe wengi hawarudi. Milembe alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha.

"Nikibaki nyumbani, atajuaje kwamba nimenuna? Ukimnunia mtu unamkalia hapo hapo akuone. Mwambie Ndaki nakuja Jumapili."

Wiki hiyo hiyo Kija, binti aliyeolewa jirani na kwangu, akafiwa na kichanga chake cha kwanza. Akafunga mlango, akasema kanisani hatakanyaga tena. Nikaenda na Biblia. Nikamsomea Ayubu, jinsi alivyopoteza watoto, na jinsi mwishoni alivyopewa wengine wazuri kuliko wote katika nchi.

"Na wale wa kwanza?" Kija akauliza. "Walirudi?"

Nikafunga Biblia, nikanywa uji niliowekewa na mama mkwe wake, nikaondoka. Bora ningeenda kuchunga.

Jumapili Milembe akaingia kanisani amemshika Kija mkono. Sikujua alimwambia nini, baadaye nilisikia alisema hivi tu: "Njoo tununie pamoja, benchi lina nafasi." Wakakaa, migongo miwili. Ndaki akanikazia macho, nyusi zinapanda na kushuka, maana yake nitimize agizo. Nikajifanya natafuta ukurasa.

Tukafika kwenye maombi ya waumini. Nikauliza kama kuna mwenye ombi, na kutoka ukutani ikatoka ile sauti tuliyoikosa tangu masika.

"Mungu, mimi na wewe bado. Usidhani yameisha. Ila huyu mtoto ni mgeni, kununa hajui, anaweza akaondoka kweli. Mshike. Mimi unaniweza, yeye mshike. Ee Bwana."

Kanisa lilitakiwa kujibu, na hakuna aliyejibu. Kisha tukasikia kitu chembamba, cha kamasi na machozi, kutoka pale pale ukutani: "Twakuomba utusikie." Alikuwa Kija. Ndaki akatoa leso, akapenga kwa kelele isiyo na utaratibu wowote.

Tulipofika mwisho nikasema kwa nguvu zangu zote, "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele," ukuta ukaitikia.

Nikasubiri lililobaki. Halikuja. Nikamkimbilia mlangoni, Biblia mkononi, watu wananipisha.

"Mayu, na amina je?"

Alikuwa anamfunga Kija kitenge vizuri begani, maana kilikuwa kinadondoka.

"Amina si kusema iwe hivyo? Hivi ilivyo sijakubali, mwalimu. Amina aisubiri," akasema. "Lakini milele nimeshamwambia."