Vidonge Ndani ya Kahawa

Likizo fupi ya Septemba niliikuta mibuni ya shangazi, pale Nshamba, imechanua. Maua meupe yalinukia mpaka jikoni. Asubuhi ukungu ulifunika migomba yote, na sisi wawili tukawa kama tunaishi ndani ya maziwa.

Shangazi alikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Mama mkwe wake, anayekaa nyumba ya pili, alipita kila siku na neno lake.

"Hata yule kuku wangu wa juzi ameshaangua," alisema, macho yapo juu kama anaongea na ndizi.

Shangazi alicheka. Halafu aliingia ndani, kicheko kikabaki nje.

Wiki hiyo alirudi kutoka zahanati na vidonge kwenye bahasha. Maumivu ya chini ya tumbo yaliyomsumbua muda mrefu yalikuwa maambukizi ya zinaa. Nesi alimweleza kwamba yanaweza kukaa kimya mwilini huku yakiacha makovu kwenye mirija ya uzazi, yai likakosa njia. Alimwambia amlete na mumewe apewe dozi yake. Lakini mume alikuwa visiwani, ananunua dagaa.

Shangazi akamimina vidonge kwenye mfuniko wa sufuria, akavigawa mafungu mawili. Moja akalitia katikati ya punje kavu za kahawa ya kutafuna, akaikunja kwa jani kavu la mgomba. Kwetu hakuna anayetafuna kahawa peke yake. Ukifungua, unampa aliye karibu. Nadhani hata dawa aliifikiria hivyo.

"Shika hapa nifunge."

Nikashika. Darasani tulifundishwa kwamba dozi haikatwi. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno. Lakini ningeanzaje kumwambia shangazi yangu habari za magonjwa ya huko chini? Nikatazama nyuki kwenye maua. Kifurushi kikaondoka na mchuuzi wa samaki kumfuata mume visiwani, na siku nyingi baadaye nilikiota kinaelea ziwani, hakifiki popote.

Desemba nilipofunga shule, maumivu yalikuwa yamerudi. Nikamsindikiza hospitali, Bukoba mjini.

"Dozi ulimaliza?" daktari akauliza. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

"Nilimaliza nusu yangu."

"Na nusu nyingine alikula nani?"

"Mume wangu. Tunapendana, daktari."

Daktari akataka kucheka, akaacha. "Mmependana mpaka ugonjwa mkaulea. Mwite aje."

Mume alikuja na boti kesho yake, ananuka dagaa, hanyanyui macho. Safari hii kila mmoja alimeza dozi yake nzima, na walikatazwa kukutana kimwili mpaka wote wamalize. Kabla sijarudi shule, shangazi alipigwa picha ya mirija. Mmoja umeziba. Mwingine bado unapitisha.

"Nafasi ipo, ila siwezi kukuahidi," daktari alisema. "Vidonge vinaua vijidudu. Kovu havilifuti."

Tulipofika nyumbani mama mkwe akaanza tena na kuku wake.

"Mama, waache kuku," mume akasema taratibu. "Ugonjwa niliuleta mimi, kutoka kisiwani."

Bibi yule akatazama ndizi zake.

Jioni, ukungu ukirudi, nilikaa na shangazi tukichambua kahawa kwenye ungo. Nikasema, sauti yangu naisikia kama ya mtu aliye mbali, "Siku ile ya mfuniko, nilijua."

Hakuacha kuchambua. "Niliona ulishika jani muda mrefu. Nikadhani unaota, kama kawaida yako."

"Niliona aibu."

"Mimi pia niliona aibu kumuuliza nesi." Akapuliza makapi. "Siku nyingine ukishindwa kuniambia, niandikie. Kuandika si unajua?"

Akachagua punje mbili, akatia moja mdomoni, nyingine akaniwekea kiganjani. Ilikuwa chungu. Niliitafuna polepole, nikiwaza ule mrija mmoja ulio wazi, mwembamba kama kijinjia cha shambani kwenye ukungu. Usiku nikafungua daftari.